Deni la Damu na Faini ya Serikali: Historia ya Fidia kwa Walioumizwa na Uhalifu katika Nchi ya Karagwe

Katika Kinyambo, lugha ya wenyeji wa nchi ya Karagwe, ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kitendo cha kulipa huitwa kuriha, nalo neno hilo ni ndugu wa tumbo moja na kulipa la Kiswahili, kwa kuwa yote mawili yametoka katika shina moja la Kibantu ambalo sauti yake ya p ilidumu pwani na kugeuka kuwa h katika lugha za Maziwa Makuu. Kiswahili kimelinyambua shina hilo hadi kupata kulipiza, ambalo kwa kawaida hufuatwa na kisasi, hivyo kwamba mtu anayelipa deni na mtu anayelipiza kisasi huonekana, kwa macho ya lugha, kuwa watu wawili wanaofunga hesabu moja kwa njia mbili tofauti. Kando ya neno hilo la asili yamesimama maneno matatu yaliyokuja na Uislamu na biashara, yaani kisasi, fidia na dia. Kisasi ni adhabu ya kulinganisha jeraha kwa jeraha. Fidia awali ilikuwa mali ya kumkomboa mateka. Na dia ni mali wanayopewa jamaa wa mtu aliyeuawa. Faini ndilo lililochelewa kuliko yote, kwa sababu lilikuja na utawala wa Waingereza, na maana yake ni fedha ambayo mkosaji huitoa kwa serikali, si kwa aliyemkosea.

Historia ya malipo kwa watu walioumizwa na uhalifu katika nchi ya Karagwe inaweza kusomwa kama safari kutoka kuriha kwenda faini, na kutoka hapo kurudi, kwa kusitasita, kwenye fidia. Safari hiyo inaongozwa na maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: la kwanza ni nani anayehesabiwa kuwa mdai pale kosa linapotendeka, na la pili ni nani analipa pale mkosaji anapokuwa hana kitu, hajulikani, au amekimbia. Tawala zilizofuatana katika eneo hilo zimelijibu swali la kwanza kwa namna mbalimbali, na pengine kwa namna bora zaidi kila zamu, lakini swali la pili lilikuwa na jibu zamani, likapoteza jibu lake wakati wa ukoloni, na hadi leo halijapata jingine.

Ufalme wa Karagwe, uliotawaliwa na nasaba ya Bahinda kutoka makao yake ya Bweranyange, ulikuwa mojawapo ya falme za kale za magharibi ya Ziwa Viktoria, na ulijulikana mbali katika karne ya 19 kwa sababu njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita humo. Mukama Rumanyika, yaani mfalme aliyewapokea John Hanning Speke na James Grant mwaka 1861 na Henry Morton Stanley mwaka 1876, alikuwa na wafanyabiashara wa pwani waliopiga kambi yao Kafuro, karibu na makao yake, kwa hiyo Karagwe haikuwa nchi iliyojifungia, bali ilikuwa mahali ambapo desturi za bara na sheria za Kiislamu zilikaa jirani. Chini ya Mukama palikuwa na watawala wa maeneo na wakuu wa vijiji walioitwa bakungu, ambao ndio waliosikiliza magomvi ya kila siku, lakini chombo kilichobeba uzito wa malipo kilikuwa ruganda, yaani ukoo, kundi la watu wanaojihesabu kuwa wa asili moja, wenye mwiko mmoja, na wasiooana wao kwa wao.

Ruganda ulikuwa, kwa lugha ya siku hizi, bima. Mtu akiua au akijeruhi, deni halikukaa juu ya kichwa chake peke yake, bali liliwaangukia jamaa zake, na vivyo hivyo aliyeuawa hakuhesabiwa kuwa hasara ya mjane na watoto tu, bali ya ukoo mzima, ambao ulikuwa na haki ya kudai na wajibu wa kudai. Mfumo huo ulieleweka katika falme zote za eneo hilo, ingawa kila moja ilikuwa na taratibu zake. Huko Ankole, jirani wa kaskazini ng'ambo ya mto Kagera, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1930, alieleza kwamba kisasi cha damu kilikuwa haki ya ukoo, lakini haki hiyo haikutumika bila kibali cha mfalme. Kibali hicho ndicho kilichotenganisha kisasi na vita, kwa sababu kilimpa mtawala nafasi ya kuzituliza pande mbili na kuifanya hasara ihesabiwe kwa mifugo badala ya vichwa vya watu, na katika nchi ya wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu hapakuwa na kipimo cha thamani kilichoeleweka zaidi ya hicho.

Wazo kwamba kundi linapaswa kulipa pale mtu mmoja anaposhindwa si la Maziwa Makuu pekee, na lina umri mkubwa kuliko dola nyingi zilizopo duniani. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba mtu aliyeporwa, endapo mporaji hakukamatwa, alipwe na mji na mtawala wa mahali uporaji ulipotokea, na kwamba uhai ukipotea, jamaa wa marehemu wapewe uzito uliotajwa wa fedha. Sheria ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wa Kafuro waliijua, iliweka dia ya mauaji yasiyokusudiwa juu ya jamaa wa kiumeni wa muuaji, na wanazuoni wengi wakaona kwamba pale asipokuwa na jamaa, Baitulmali, yaani hazina ya umma, ndiyo ilipe, ili damu ya mtu isipotee bure. Katika mifumo yote hiyo, kutokuwa na uwezo kwa mkosaji hakukulifuta deni, bali kulilihamisha tu kwenda kwenye mabega mapana zaidi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuupamba mfumo wa ukoo kana kwamba ulikuwa bustani ya haki. Kwanza, mdai alikuwa ukoo, si mtu aliyeumia, na jambo hilo lilionekana wazi zaidi katika makosa dhidi ya wanawake, ambapo binti akipewa mimba kabla ya ndoa malipo yalikwenda kwa baba, na ugoni ukihesabiwa kuwa hasara ya mume, huku mwanamke mwenyewe akibaki kuwa jambo linalozungumzwa na si mtu anayezungumza. Pili, bima hiyo ilimlinda mwenye ukoo wenye nguvu. Mtumwa, mgeni asiye na jamaa, na mtu wa tabaka la chini hawakuwa na wa kuwadai wala wa kuwalipia. Oberg alibainisha kuhusu Ankole kwamba Mwiru, yaani mkulima wa tabaka lililotawaliwa, hakuwa na haki ya kulipiza kisasi kwa Muhima, yaani mfugaji wa tabaka la juu. Jibu la zamani kwa swali la mlipaji lilikuwepo, lakini halikuwa la watu wote.

Utawala wa Wajerumani, ulioingia baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na ambao kuanzia mwaka 1906 uliitawala Karagwe kupitia kwa Mkazi wa Bukoba, yaani ofisa aliyewasimamia wafalme badala ya kuwaondoa, uliwaachia bakama (wingi wa mukama) na bakungu sehemu kubwa ya mashauri ya wenyeji. Kilicholetwa kipya kilikuwa dhana kwamba kosa linaikosea serikali, na adhabu iliyoitangaza dhana hiyo ilikuwa kiboko, ambacho kumbukumbu ya Kiswahili imekihifadhi kwa jina la hamsa ishirini, yaani viboko 25. Mtu aliyeibiwa aliweza kusimama na kuhesabu viboko vikishuka, lakini kipigo hakikuwa mali, na hapakuwa na njia ya kukigeuza kuwa ng'ombe na kumfikisha zizini kwake.

Waingereza, walioshika eneo hilo mwaka 1916, waliipa dhana hiyo muundo kamili wa kisheria. Sheria ya adhabu iliyoazimwa kutoka India mwanzoni mwa utawala wao ilibadilishwa na Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, na mauaji yakaondolewa kabisa katika mikono ya watawala wa jadi na kupelekwa Mahakama Kuu, ambako hukumu ilikuwa kifo. Kwa jamaa wa aliyeuawa mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja, kwamba serikali ilichukua kisasi na ikachukua pia nafasi ya kupatana, ikawaachia kitanzi bila ng'ombe. Makosa madogo, kama wizi wa kuku, ndizi au kahawa, matusi na ugomvi wa pombe, yaliendelea kusikilizwa katika mahakama za wenyeji, zilizotawaliwa na sheria ya mwaka 1929 na kufuata ngazi za utawala kutoka gombolola, yaani eneo la mtawala mdogo lenye jina lililotoka Buganda, hadi baraza la Mukama. Mahakama hizo ziliweza kuamuru fidia kwa mlalamikaji na faini kwa pamoja, lakini faini na ada ziliingia katika hazina ya wenyeji, ambayo ilizitegemea kama moja ya njia zake za mapato, na kwa hiyo shilingi ya mkosaji ilikuwa na wadai wawili, ambao mmoja wao alikuwa na karani, daftari na askari.

Desturi zilizobaki ziliandikwa mwaka 1945, Hans Cory, mtafiti wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, aliposhirikiana na M. M. Hartnoll kutoa kitabu juu ya sheria za kimila za Wahaya, majirani wa Wanyambo waliokuwa nao katika wilaya moja ya Bukoba. Sheria walizoziandika zilionyesha jinsi ukoo ulivyokuwa bado umesimama nyuma ya deni hata baada ya kunyang'anywa mashauri ya damu, kwa sababu kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya wazee, kilipotakiwa kuuzwa, jamaa wa ukoo walikuwa na haki ya kukikomboa kwa kulipa bei yake. Haki hiyo ilimaanisha kwamba mtu aliyelemewa na madai alikuwa na watu waliosukumwa kuchangia, si kwa sababu walimpenda mkosaji, bali kwa sababu hawakutaka mgeni azike watu wake kati ya makaburi yao.

Mwaka 1963 ulikuwa mwaka wa kugeuka, hapa na kwingineko. Katika Tanganyika huru, utawala wa machifu ulifutwa na bakama wa Karagwe wakaondokewa na mamlaka yao. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mahakama za wenyeji na za serikali katika ngazi moja inayoanzia Mahakama ya Mwanzo. Na Tamko la Sheria za Mila likazikusanya kanuni za makabila mbalimbali, zikiwemo zile za malipo ya ugoni, na kuziweka upande wa madai, yaani mashauri kati ya mtu na mtu, huku makosa ya jinai ya kimila yakikoma. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka, kwa makosa kama wizi wa mifugo, unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba. Sheria hiyo, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 1972, iliitaka pia mahakama iamuru mkosaji amlipe mwenye mali, jambo linaloonyesha kwamba serikali mpya haikumsahau aliyeibiwa, ila ilimtuma akadai fidia kwa mtu ambaye ilikuwa inamfunga.

Mbali na hapo, katika mwaka huohuo wa 1963, New Zealand ilitunga sheria ya kwanza ya aina yake ya zama hizi, iliyoanza kutumika Januari 1964, ambayo chini yake serikali yenyewe ililipa fidia kwa watu walioumizwa na uhalifu wa nguvu, na Uingereza ikaanzisha mpango kama huo Agosti 1964. Hoja iliyosukuma mipango hiyo, ambayo Margery Fry, mtetezi wa marekebisho ya magereza nchini Uingereza, alikuwa ameitoa katika miaka ya 1950, ilikuwa kwamba dola inayowakataza raia wake kujichukulia sheria mkononi, na ambayo imeshindwa kuwakinga, inabeba sehemu ya hasara yao. Mzee wa Karagwe angeitambua hoja hiyo mara moja, kwa sababu ilikuwa ni kazi ya ruganda iliyokabidhiwa kwa hazina ya taifa. Ajabu ya historia ni kwamba Uingereza, iliyokuwa imeivunja bima hiyo katika makoloni yake bila kuijengea mbadala, iliunda yake nyumbani miaka mitatu tu baada ya kuondoka Tanganyika.

Mwaka 1985 ulileta sadfa nyingine. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo kifungu chake cha 348 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe aliyepata hasara au jeraha, na Novemba 29 mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha Tamko la Misingi ya Haki kwa Waathirika wa Uhalifu na Matumizi Mabaya ya Madaraka, linalozihimiza serikali zijitahidi kulipa pale ambapo mkosaji hawezi kutoa fidia kamili. Sheria ya Tanzania ilibaki kwenye nusu ya kwanza ya wazo hilo, yaani mkosaji, na haikugusa nusu ya pili, yaani hazina.

Miaka ya 1990 iliupima mpangilio huo kwa ukali. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yaliwaleta wakimbizi wengi katika mkoa wa Kagera, na kambi zikawekwa hata Karagwe, zikiwemo Chabalisa na Kagenyi. Silaha zilizovuka mpaka zilizaa ujambazi wa barabarani uliofanya mabasi katika baadhi ya njia za mkoa yasindikizwe na askari. Mwathirika wa tukio la aina hiyo alikuwa mfano kamili wa mtu asiye na wa kumlipa, kwa kuwa kifungu cha 348 kinahitaji mtu aliyetiwa hatiani, na jambazi aliyetoweka msituni au kuvuka mto Kagera hana hatia yoyote kwenye karatasi. Ng'ambo ya mto huohuo, Rwanda ilianzisha mwaka 1998 mfuko wa serikali wa kuwasaidia manusura wa mauaji ya kimbari kwa matibabu, karo na makazi, ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha na kuhukumu wakuu wa mauaji hayo, haikuwa na uwezo wa kumlipa mwathirika hata mmoja.

Mwaka huohuo wa 1998, Tanzania ilipiga hatua katika swali la kwanza, lile la mdai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliagiza kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya kubaka, pamoja na kifungo kisichopungua miaka 30, aamriwe kumlipa aliyebakwa fidia kwa kiwango kitakachoamuliwa na mahakama. Hapo sheria ya jinai ilimwekea mwanamke mwenyewe jina lake mahali ambapo mila ilikuwa imeandika jina la baba au la mume. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahsusi ya Bunge, na mwaka 2008 Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ikaunda mfuko kwa ajili ya waathirika wa kosa hilo moja. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014 kwa Sheria ya Kuwalinda Waathirika, iliyoanzisha mfuko wa amana kwa ajili ya waathirika wa uhalifu kwa jumla.

Namna utaratibu uliopo unavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi ukifuatwa kutoka chini. Mkulima wa kijiji cha Karagwe aliyekatwa panga katika ugomvi wa mpaka wa kibanja hupeleka taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, kisha hufika polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi namba 3, ambayo daktari huijaza maelezo ya jeraha na ambayo baadaye huwa kielelezo mahakamani. Nauli, dawa na siku za kazi zilizopotea hutoka mfukoni mwake au mwa jamaa zake, na tangu shauri linapofunguliwa jina lake huondoka kwenye jalada, kwa sababu kesi ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, naye ni shahidi. Aliyeibiwa ng'ombe, akibahatika mnyama wake kupatikana, humkuta naye amegeuka kielelezo. Hukumu ikitoka pamoja na amri ya fidia, kazi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa kukamata mali ya aliyeshindwa, hubaki kwa mshindi mwenyewe, na mali inayotafutwa ni ya mtu aliye gerezani, ambaye kibanja chake kina mke na watoto, na kahawa yake pengine imekwisha kuuzwa ikingali mtini kwa utaratibu unaoitwa butura, yaani kuuza mavuno kabla ya kuvunwa kwa bei ya chini. Ruganda hauwajibiki tena kisheria, na serikali haijawahi kuwajibika.

Wala haiwezi kusemwa kwamba serikali haijui kulipa hasara ambayo haikuisababisha. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hilo yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, na wakulima wanaopakana nazo wamo chini ya kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, ambazo huwalipa watu walioharibiwa mazao au kuumizwa na wanyama wakali. Kanuni hizo ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha linalopona, na kwa mazao malipo ya kila ekari, yenye kikomo cha ekari 5, yanayopanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho na ya mwili huitwa kifuta machozi, nayo majina hayo yalichaguliwa kwa hesabu, kwa sababu neno fidia lingekiri deni, ilhali anayefuta machozi ya jirani hakiri kwamba ndiye aliyemliza.

Kwa hiyo mjane wa Karagwe ambaye mumewe ameuawa na kiboko wa mto Kagera ana dirisha la serikali la kubisha, na mjane ambaye mumewe ameuawa na mtu hana, ingawa kiboko na jambazi wanafanana katika jambo moja ambalo ruganda, Hammurabi na Baitulmali walilizingatia kabla ya mengine yote, kwamba hakuna hata mmoja wao atakayelipa. Kile ambacho katika mkasa wa kwanza kinaitwa kifuta machozi kingekuwa kidogo kuliko fidia katika mkasa wa pili pia, lakini kingekuwa kimetoka kwa mwenye hazina, na kingeendana na ukweli kwamba tangu mwaka 1930 serikali ndiyo iliyojitwalia haki ya kudai damu katika nchi hiyo. Wanyambo wa zamani wasingemwelewa mtu anayerithi madai ya ukoo kisha akakataa madeni yake.